Tanzia ya Jimu

Udongo haukuruhusiwa. Dada yangu, muuguzi huko Arlington, Texas, alinipigia simu wiki mbili kabla ya safari akanionya kwa sauti anayoiweka kwa ajili ya wagonjwa wabishi: "Kaka, udongo usithubutu. Watautoa uwanjani, na utaulizwa maswali mpaka ndege ya pili ikuache." Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuchota konzi moja kutoka kaburi la Baba kule Mwatate na kuitia katika kopo la Blue Band. Nikairudisha nilikoitoa, nikamwomba mzee radhi kwa usumbufu, kopo nikamwachia Mama. Hakuuliza lolote. Aliliosha, akalianika juani, na kesho yake lilikuwa na chumvi ndani.

Nilichosafiri nacho, basi, ni jalada tupu la santuri. Ni la zile nyimbo 12 za Krismasi alizozitoa Jim Reeves mwaka 1963. Kona zake zimeliwa na mende, na nyuma pana hesabu ya marobota ya mkonge aliyoiandika Baba siku ambayo hakuwa na karatasi karibu. Santuri yenyewe ilivunjika zamani. Aliikalia mgeni.

Nilikuwa nakwenda matangani, na marehemu alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 59 kasoro mwezi na siku kadhaa.

Kwetu, mtu akifa nawe ukiwa mbali, deni halifutiki kwa sababu ya umbali. Ukirudi, hata kama miaka imepita, unapitia kwa wafiwa kabla hujafungua mizigo. Unakaa, unanyamaza kidogo, unasema pole, unaonyeshwa kaburi. Baba alikuwa na deni la namna hiyo kwa Jim Reeves, akafa mwaka 2011 bila kulilipa. Hakuliandika popote. Lakini mtoto wa kwanza kuamka nyumbani mwetu nilikuwa mimi, na ni mimi niliyekuwa nikimkuta amekaa peke yake kabla ya alfajiri, sauti ya gramafoni ameipunguza mpaka chini kabisa, akisikiliza. Nikajua deni litanikuta.

Baba alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Voi. Tuliishi kwenye landhi za reli, chumba na nusu, ukuta wa kulia tukichangia na Mjaluo fundi wa injini, wa kushoto na gadi wa Kikamba ambaye akipiga chafya sisi tunamwambia afya. Gramafoni aliinunua Mombasa mwaka 1966, ile ya kufungika kama sanduku la nguo, inayokula betri kama mbuzi alavyo majani. Mshahara wa miezi miwili na ushei ulikwenda humo. Mama alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja, na hadi leo akitaka kumsema Baba huanzia hapo.

Mwaka huo wimbo wa Distant Drums ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki tano. Santuri zilishuka bandarini pamoja na kila kitu kingine kilichotoka Uingereza, zikapanda reli, na Baba ndiye aliyekuwa akipokea mizigo. Huyo ndiye Jim Reeves wake wa kwanza. Sisi watoto tulimwita Jimu. Jina la pili lilikuwa la jaladani tu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini yeye, na si wengine waliokuwa wakipiga kelele nzuri zaidi. Sehemu ya jibu ni ya kiufundi. Mwaka 1957, alipokuwa akirekodi Four Walls, Jim Reeves aliacha kuimba kwa kupaza sauti kama wenzake wa country. Alisogeza midomo karibu na maikrofoni, karibu kuigusa, akaimba kama mtu anayesema na mwenzake mezani. Chet Atkins, mtayarishaji wake, aliondoa fidla zinazolia na gitaa la chuma, akaweka piano na waitikiaji wa taratibu. Biashara nzima ya muziki wa Nashville ilibadilika kufuata njia hiyo. Lakini ukiisikia sauti hiyo katika landhi, ambako kuta ni nyembamba na kila mtu anamsikia kila mtu, unaelewa jambo ambalo Nashville haikulifikiria: huyu ni mwanamume asiyepiga kelele. Majirani wote walikuwa wakipiga kelele, na karani mkuu pia. Jimu alimwambia Baba maneno yake polepole, moja moja, hata Baba akajifunzia Kiingereza hapo. Barua zake za kazi zilikuwa na upole wa ajabu. Aliwahi kumwandikia mkubwa wake wa Nairobi, juu ya behewa lililopotea, barua ambayo mtu angedhani ni ya mapenzi.

Na kila mwaka Jimu alileta santuri mpya. Hapo ndipo shida ilipokuwa.

Mwaka 1982 redio ilipiga wimbo ambao Baba hakuwa ameusikia. Jimu anaimba, mara anaitikiwa na mwanamke. Wimbo ni Have You Ever Been Lonely, na mwanamke ni Patsy Cline. Baba alifurahi kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu aliyekuwa kimya. Alituita sote tuje tusikie. Jimu amepata wa kuimba naye, alisema, ni vizuri, alikuwa mpweke mno.

Jumapili iliyofuata alitutembelea mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa amesoma Marekani miaka minne. Alikunywa chai, akasifu mahamri, kisha Baba akamweleza habari ya wimbo mpya. Nilikuwa na miaka 11, nimekaa sakafuni karibu na miguu ya mgeni, na nakumbuka alivyokiweka kikombe chini taratibu.

"Mzee," alisema, "hao wote wawili ni marehemu."

Akaeleza. Patsy Cline alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 5 Machi 1963, akirudi Nashville. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, naye akirudi Nashville, tena akiendesha ndege mwenyewe. Wimbo ule hawakuuimba pamoja. Mafundi walichukua sauti ya mmoja kutoka kanda moja na ya mwenzake kutoka kanda nyingine, wakazishona.

Baba alimtazama kama anavyomtazama mtu anayedai mzigo bila risiti. "Aliyekufa hatoi wimbo mpya," alisema. Aliinuka, akatoa santuri zote chini ya kitanda, akazipanga juu ya meza huku akitaja mwaka alioinunua kila moja. Sitini na sita. Sitini na saba. Sitini na tisa. Sabini na moja. "Kila mwaka ananiletea. Maiti gani huyo?" Mwalimu, maskini, akaeleza kuwa mjane wake, Mary, alibaki na kanda nyingi, na alikuwa akizitoa kidogo kidogo, nyingine zikiongezwa vyombo vipya. Hata ule wimbo wa ngoma za mbali, uliompeleka Baba Mombasa kununua gramafoni, ulitoka mwimbaji akiwa kaburini mwaka wa pili. Baba akabaki na hoja moja tu, na kwake ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Na redio? Mbona haikumtangaza?"

Msomaji kijana huenda asiuone uzito wa swali hilo. Siku zile mtu hakuwa amekufa sawasawa mpaka Sauti ya Kenya iseme. Baada ya habari mtangazaji alishusha sauti na kuanza kusoma: marehemu ni nani, mwana wa nani, mume wa nani, amefia hospitali gani, kisha lile fungu ambalo nchi nzima ililijua, habari ziwafikie fulani wa Mtito Andei na fulani wa Taveta, popote walipo. Watu walikuwa wanasimama barabarani mbele ya duka lenye redio wakisubiri kama watatajwa. Baba hakuwahi kukosa matangazo hayo. Kama Jimu angekufa, angesikia.

Mgeni alipoondoka, Baba alizirudisha santuri chini ya kitanda bila kusema neno. Akaifunika gramafoni kwa shuka.

Jioni ya pili fundi wa injini alibisha hodi kuuliza kama chombo kimeharibika, maana yeye ni fundi na betri anazijua. Mama akamwambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba hakijaharibika, kuna msiba. Msiba wa nani? Wa Jimu. Fundi akavua kofia, akaingia, akakaa. "Pole, karani." Baba akaitikia, "Tumeshapoa." Siku ya tatu akaja gadi na mkewe, na nusu kilo ya sukari katika gazeti. Siku ya nne walikuwa wazee sita na chai ikapikwa sufuria kubwa. Sijui kama walianza kwa mzaha. Hawakumaliza kwa mzaha. Usiku wa mwisho mzee mmoja aliuliza kama hapana ndugu wa marehemu atakayesema mawili matatu, na Baba, mtu asiyezungumza mbele ya watu, alisimama akasimulia maisha ya mtu wa Texas kwa yale aliyoyasoma migongoni mwa majalada. Kwamba baba yake alimwacha mchanga. Kwamba alitaka kuwa mchezaji wa besiboli, akaumia mguu. Kwamba alikuwa mtangazaji wa redio kabla hajawa mwimbaji. Aliketi. Gadi wa Kikamba, ambaye hakujua Kiingereza hata cha salamu, alikuwa akipangusa macho.

Nadhani hilo lilikuwa rahisi kwao kuliko ambavyo lingekuwa kwa wengine, angalau kwa Wataita. Mababu zetu walizika mara mbili. Mtu alizikwa ardhini, na muda ukipita wazee walikwenda kulifukua fuvu, wakalipeleka kwenye pango la ukoo, likawekwa pamoja na ya waliomtangulia. Wamisionari waliikomesha desturi hiyo, lakini mapango yapo, na mafuvu yamo. Babu yake Baba yumo katika mojawapo. Kwa hiyo kifo kinachofika kwa awamu hakikuwa kigeni kwetu. Jimu alikuwa amezikwa mara moja tu, na watu wengine. Siku ya nane Baba aliondoa shuka.

Hayo yote nilikuwa nikiyasimulia ndani ya gari, asubuhi ya Juni 2023, kwenye barabara kuu ya 20 kuelekea mashariki kutoka Dallas. Dereva alikuwa mpwa wangu wa miaka 19. Alizaliwa Marekani, na Kiswahili chake kina magurudumu matatu, lakini kinafika. Mama yake hakuja. Alikuwa na zamu, na isitoshe aliniambia wazi kwamba Jimu wenu alimharibia utoto, kila Krismasi wengine wanacheza muziki yeye amekaa anasikiliza Mzungu anabembeleza. Mpwa alinivumilia. Mpaka Terrell alipiga muziki wake, unaofanya vioo vitetemeke. Kuanzia hapo akaniachia zamu.

Texas niliyoiwazia ilikuwa ya vumbi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Texas ya mashariki siyo. Kadiri unavyokwenda miti inasogea karibu na barabara, misonobari mirefu, na hewa inakuwa nzito kama Mombasa ya Machi. Tuliiacha barabara kuu tukashika kusini kupitia Kilgore, mji ambao mafuta yaligunduliwa karibu nao mwaka 1930, hata watu wakachimba visima ndani ya mji, nyuma ya maduka. Minara ya chuma ya wakati huo bado imesimama katikati ya mji, michache, kama milingoti ya meli zilizokauka. Mashambani pampu za mafuta zinainama na kuinuka, zinainama na kuinuka, kama punda anywaye maji asiyetosheka.

Halafu, mahali walipokuwa wanapanua barabara, tingatinga lilikuwa limechana ubavu wa kilima, na nikamwambia mpwa asimamishe gari.

Udongo ulikuwa mwekundu. Sisemi wekundu wa kukaribiana. Ni ule ule, wa Voi na Mwatate, unaoingia kwenye soksi na hautoki, ambao ndovu wa Tsavo huupaka mwilini mpaka wageni wakadhani wamezaliwa hivyo. Nilisimama kando ya barabara nikaushika. Mpwa alibaki garini, akiwa na haya kidogo, magari yakipita. Nilimcheka dada yangu kimoyomoyo. Kumbe walikuwa nao tayari.

Henderson tulipita bila kushuka, lakini nilimwomba mpwa apunguze mwendo. Hapa palikuwa na KGRI, kituo kidogo cha redio ambako Jim Reeves alitangaza baada ya mguu kumtoa kwenye besiboli. Baadaye, alipopata pesa, alikinunua yeye na mkewe. Ukijua alikuwa mtangazaji, unaielewa ile sauti: kila neno limefika mwisho wake kabla ya jingine kuanza. Mtangazaji ambaye hakutangazwa. Nilitamani Baba angelisikia hilo likisemwa hapo, mahali penyewe.

"Anko," mpwa aliuliza, "alikuwa mtu mzuri?"

Kijana wa Marekani ana haki ya kuuliza hivyo, tena akiwa mweusi, tukiingia mji mdogo wa Texas kufuata kaburi la Mzungu aliyezaliwa mwaka 1923. Nilimweleza ninachokijua. Mwaka 1962 Jim Reeves alizuru Afrika Kusini na Chet Atkins. Mwaka 1963 alicheza filamu huko, Kimberley Jim. Aliimba kwa Kiafrikana, akikariri maneno ya lugha asiyoijua, na Makaburu walimpenda kupita kiasi. Mwaka huo sisi tulikuwa tunapandisha bendera. Tarehe 12 Juni 1964 Mandela na wenzake walifungwa maisha. Wiki saba baadaye Jim Reeves akafa. Tarehe 2 Julai, katikati ya mambo hayo mawili, Rais Johnson, Mtexas naye, alitia sahihi sheria ya kuondoa ubaguzi mahali pa umma. Maana yake ni kwamba karibu maisha yote ya Jimu, babu yako angefika mji huu asingeruhusiwa kuketi naye kula.

Kaka yangu mkubwa, alipokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuja likizo na hoja hizo zote akamtwanga nazo Baba mezani. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi simpigii kura. Namsikiliza." Kaka alitoka nje akiwa na hasira, na mimi nikamwona Baba ana aibu. Siku hiyo hakuigusa gramafoni. Kesho yake aliigusa. Nimezunguka na majibu yao wote wawili kwa miaka 40 na sijaona la kuliacha. Mpwa alitikisa kichwa, akaongeza mwendo.

Carthage ni makao makuu ya wilaya ya Panola, mji wa gesi na mbao, una mahakama, makanisa kuliko maduka, na jumba la kumbukumbu ya wanamuziki wa country wa Texas ambalo lilianzishwa mwaka 1998. Tulilipitia haraka. Mimi si mtu wa makumbusho, na gitaa lililofungiwa kwenye kioo hunipa huzuni ya aina nyingine. Kwenye kituo cha mafuta nilimwuliza msichana wa kaunta njia ya kwenda kwa Jim Reeves. Akauliza kama ni fundi wa magari. Mpwa aliangua kicheko, na mimi, nakiri, niliumia kama nimetukaniwa mzazi.

Kaburi liko nje ya mji, upande wa mashariki, kando kabisa ya barabara ya 79. Unaweza kulipita ukadhani ni bustani ya mtu. Pana nyasi zilizokatwa, misonobari kwa nyuma, na sanamu ya Jimu mwenyewe amesimama akitazama barabara, kama mtu anayesubiri matatu. Mbele yake ndiyo kaburi. Yamechongwa maneno ambayo sitayanukuu, ni ya mwimbaji anayejishusha na kutumaini kwamba hakuimba bure. Mbwa wake Cheyenne naye amezikwa hapo hapo. Malori ya magogo yanapita, na kila likipita upepo wake unazisukuma nyasi zote upande mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: pole inahitaji mtu wa kuipokea. Nani? Jim na Mary hawakujaliwa mtoto. Mary alifariki mwaka 1999. Nilisimama na jalada langu kwapani kama mgeni aliyefika kwenye matanga akakuta viti vimeshapangwa juu ya lori. Mpwa alisimama nyuma yangu kwa adabu, mikono mfukoni, halafu akaitoa.

Mzee mmoja alikuwa akikata nyasi kwa mashine ng'ambo ya uwanja. Mzungu, kofia imechakaa, shati limelowa mgongo mzima. Alituona. Akaizima mashine, akavua kofia, akabaki amesimama pale pale, akitazama chini. Hakusogea wala hakusema kitu. Ndipo nikajua la kufanya.

Nilisimama wima. Nikashusha sauti kama walivyokuwa wakiishusha wao.

"Hii ni Sauti ya Kenya, Nairobi. Tunasikitika kutangaza kifo cha Jim Reeves, kilichotokea Ijumaa, tarehe 31 Julai 1964, karibu na Nashville, Tennessee, kwa ajali ya ndege wakati wa mvua ya radi. Aliaga dunia pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Ndege yao ilitafutwa kwa siku mbili, na miongoni mwa waliotafuta walikuwemo waimbaji wenzake, Ernest Tubb na Marty Robbins. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 40. Alikuwa mwana wa Tom na Beulah Reeves wa Galloway, hapa Panola, na mume wa Mary. Zamani alikuwa mtangazaji wa redio. Habari ziwafikie fundi wa injini wa landhi za Voi, gadi wa Voi na mkewe, mwalimu aliyetuambia, na karani wa mizigo, stesheni ya Voi, popote walipo."

Lori likapita. Nyasi zikalala, zikainuka.

"Umemtaja Babu," mpwa alisema.

"Alikuwa anasubiri."

Jalada sikuliacha. Nilikuwa nimepanga kuliacha, lakini niliposoma tena ile hesabu ya marobota, mwandiko wa Baba, tarakimu za saba alizozikata katikati, mkono ulikataa. Jimu ana mambo yake yote jumbani mjini. Mimi ninalo hilo moja. Yule mzee alingoja mpaka tukafika kwenye gari ndipo akaivaa kofia. Nilimpungia, naye akanipungia, kisha mashine ikawaka.

Ilikuwa saa sita mchana. Mwatate ni saa mbili za usiku. Nilimpigia Mama kabla hatujaondoka. Simu iliita muda mrefu, kisha nikasikia anavyoitafuta mezani kati ya vyombo.

"Umefika kwake?"

"Nimefika, Mama."

"Kweli alikufa?"

"Kweli."

Kimya. Nilimsikia akivuta kiti. "Basi Baba yako alibishana bure. Wamemzika vizuri?"

"Vizuri. Pana bustani, na sanamu yake. Kando ya barabara."

"Kando ya barabara?" Mama aliduwaa. "Kwani hawakuwa na shamba?"

Habari ya mbwa sikumwambia.